Barua ya kupunguzwa kazi ikikukuta kwenye likizo ya uzazi: mwongozo kamili kwa mama aliyeajiriwa Kenya

Mtoto wangu alikuwa na wiki saba. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, kanga begani, namcheulisha, simu ikaita. Alikuwa meneja wa rasilimali watu wa kampuni niliyoifanyia kazi ya uhasibu hapa Mombasa. "Hongera mama, mtoto hajambo?" Nikamjibu hajambo, tunashukuru. "Kuna kikao kidogo cha mtandaoni Ijumaa. Ingia tu dakika kumi." Ijumaa nikaingia, mtoto yuko titini, na katika dakika hizo kumi nikaambiwa idara yetu inapangwa upya, nafasi yangu haipo tena, barua ningeipata kwa WhatsApp jioni, na niitie sahihi niirudishe kabla ya Jumatatu ili malipo yasichelewe.

Kidogo nitie sahihi. Sikuwa nimelala usiku mzima tangu nijifungue, na aliyekosa usingizi humwamini yeyote anayemwahidi kwamba jambo litakwisha upesi. Aliyenizuia ni dada yangu mkubwa, ambaye amewahi kuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani. Alisoma ile barua mara moja, akaniambia: "Usitie wino popote. Waulize kwanza." Yote ninayoyaeleza hapa yametokana na kuuliza huko.

Jua umesimama wapi

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inampa mama miezi 3 ya likizo kwa mshahara kamili. Likizo ikiisha, ana haki ya kurudi kwenye kazi ile ile aliyoiacha, au nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyopungua yale ya mwanzo. Kifungu cha 46 kinasema mimba, au jambo lolote linalohusiana na mimba, haliwezi kuwa sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi wa aina hiyo, na ukiulalamikia mahakamani, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi unamwangukia mwajiri. Hata Katiba ya 2010, kifungu cha 27, imeutaja ujauzito kwa jina lake.

Lakini hapa wengi hukosea, na ni afadhali uujue ukweli mapema. Sheria haisemi kwamba mwajiri hawezi kukugusa kwa kuwa uko likizo ya uzazi. Kampuni ikipoteza biashara kweli, ikafunga tawi zima, na wewe unaweza kuwa miongoni mwa wanaoondoka. Kinachokatazwa ni wewe kuingizwa kwenye orodha kwa sababu umezaa, au kuondolewa mlango wa nyuma kwa sababu haupo ofisini kujitetea. Kwa hiyo swali utakalolibeba katika kila hatua ni moja: kama ningekuwa nimekaa kwenye meza yangu, jina langu lingekuwepo?

Hatua ya 1: Siku tatu za mwanzo, kusanya

Jibu ujumbe kwa mstari mmoja tu: "Nimeipokea barua. Naisoma, nitajibu kwa maandishi." Usiseme asante, usiseme nimekubali, usitume hata kile kidole gumba cha WhatsApp.

Halafu fanya haraka kabla akaunti yako ya baruapepe haijafungwa. Unahitaji mkataba wako wa kazi, hati za mshahara za mwaka mzima au zaidi, tathmini zako za utendaji, kanuni za wafanyakazi ikiwa kampuni inazo, na ile barua uliyoomba likizo pamoja na jibu la kuikubali. Hii ya mwisho ina uzito wake, maana sheria inamtaka mama atoe taarifa ya maandishi angalau siku 7 kabla ya kuanza likizo, na hutaki mtu aje aseme uliondoka tu. Piga picha ya mazungumzo ya simu yanayoonyesha tarehe na saa. Ila usijitumie hata karatasi moja ya wateja wa kampuni au hesabu zao. Ukifanya hivyo umewapa sababu nyingine ya kukufukuza, na hiyo haina notisi wala malipo.

Yale yaliyosemwa kwa mdomo, yaandike siku ile ile. Mimi niliandika nyuma ya kitabu cha kliniki cha mtoto, chini ya chati ya uzito, kwa kuwa ndiyo karatasi iliyokuwa karibu: tarehe, saa, nani alikuwepo kwenye kikao, na maneno niliyoyakumbuka neno kwa neno. Mojawapo lilikuwa hili: "Tumeona wewe utahitaji muda zaidi na mtoto." Sikujua wakati ule kwamba sentensi hiyo ingenifaa kuliko karatasi zote.

Hatua ya 2: Pima utaratibu

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ndicho kinachotawala kupunguzwa kwa wafanyakazi, na kinataka mambo yafuatane. Kwanza, mwajiri anatoa taarifa ya kusudio: sababu za kupunguza, na ni wangapi wataguswa, si chini ya mwezi 1 kabla ya tarehe ya watu kuondoka. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, taarifa hiyo inakwenda kwa chama. Kama hauko, inakuja kwako wewe binafsi, kwa maandishi. Na kwa vyovyote vile inakwenda pia kwa afisa wa leba, yaani afisa wa kazi wa serikali, wa eneo lenu. Baada ya hapo, yule aliyechaguliwa kuondoka anapewa notisi yake ya mwezi 1, au mshahara wa mwezi 1 badala yake.

Hizo ni notisi mbili, na moja haimezi nyingine. Barua inayokuambia leo kwamba kazi yako imekwisha leo imeruka ya kwanza.

Kati ya notisi hizo mbili panatakiwa mashauriano. Neno hilo halimo waziwazi kwenye kifungu cha 40, lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa sekta ya ndege, ilieleza kwamba taarifa ile ya mwezi ipo ili watu wazungumze: je, kuna njia ya kuepuka kupunguza, au ya kupunguza wachache zaidi? Kikao cha dakika kumi cha kukutangazia uamuzi uliokwisha kupitishwa hakijafika huko.

Sasa fanya jambo ambalo wachache hulifanya. Nenda ofisi ya leba ya kaunti yako, au mtume mtu mwenye barua yako, ukaulize: je, mmepokea taarifa ya kampuni hii ya kupunguza wafanyakazi, na ilifika tarehe gani? Nilikwenda Jumanne asubuhi, mtoto mgongoni. Afisa akapekua faili lake, akapekua tena, akaniangalia. Hakukuwa na kitu. Alinipa kiti, akanisaidia kuandika malalamiko papo hapo, na sikulipa hata shilingi. Niliingia pale nikiwa mtu wa kuomba, nikatoka nikiwa na tarehe na sahihi mkononi.

Hatua ya 3: Chunguza kama nafasi imekufa kweli

Sheria inaposema kupunguzwa, ina maana kwamba kazi yenyewe haihitajiki tena, pasipo kosa la mfanyakazi. Sasa tazama: yule aliyekushikia nafasi bado yupo? Anafanya nini? Kuna tangazo la kazi lenye majukumu yako yale yale, jina tu limebadilishwa, "mhasibu msaidizi" amekuwa "msimamizi wa malipo"? Tembelea ukurasa wa kampuni na tovuti za matangazo ya kazi, upige picha. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu zake. Akishindwa, kuachishwa kwako kunahesabiwa si kwa haki. Nafasi iliyokufa wiki hii ikafufuka mwezi ujao itamwia vigumu kuieleza mbele ya jaji.

Hatua ya 4: Omba kuona ulivyochaguliwa

Hapa ndipo mama aliye likizo anapoumizwa, na mara nyingi bila mtu yeyote kutamka neno "mtoto". Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri, anapochagua nani aondoke kati ya watu wa kazi moja, azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu kazini. Vigezo vyenyewe vizuri. Tatizo ni vinavyojazwa.

Fikiria jedwali la alama. Safu ya utendaji inachukua tathmini ya mwaka huu, na mwaka huu wewe hukufanyiwa tathmini kwa sababu ulikuwa unajifungua. Badala ya kuchukua ya mwaka jana, mtu anaweka sifuri, au "wastani". Safu ya uaminifu inahesabu siku za kutokuwepo, na humo zimo siku za kliniki, kulazwa, na miezi yote 3 ya likizo. Safu ya ujuzi inampa mwenzako alama kwa mafunzo ya programu mpya ya hesabu, mafunzo yaliyofanyika ukiwa wodi ya uzazi. Jumlisha hapo, unatoka wa mwisho. Hakuna aliyekuchukia, na bado umeondolewa kwa sababu ya uzazi. Kwa maoni yangu hilo ndilo linalopaswa kupiganiwa kuliko yote, na ndilo ambalo mama hatalijua asipoliomba.

Basi andika barua. Tumia lugha mnayoandikiana kazini. Yangu kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

"Narejelea barua yenu ya tarehe fulani niliyoipokea nikiwa kwenye likizo ya uzazi. Kabla sijatoa jibu, naomba mnipatie kwa maandishi: sababu za kupunguza wafanyakazi na nafasi zilizoguswa, nakala ya taarifa mliyompa afisa wa leba na tarehe yake, vigezo vilivyotumika kuchagua, alama zangu katika kila kigezo, na kundi la kazi nililolinganishwa nalo, jinsi siku za likizo ya uzazi zilivyohesabiwa katika alama hizo, nafasi nyingine zilizo wazi ambazo ningeweza kupewa, na mchanganuo wa malipo mnayokusudia kunilipa. Niko tayari kwa mashauriano siku yoyote baada ya kupata majibu haya. Barua hii haiondoi haki yangu yoyote."

Itume kwa baruapepe, si kwa WhatsApp peke yake. Weka siku ya mwisho ya kujibu, siku 7 zinatosha. Wanaweza kukukatalia kuona alama za wenzako, sawa. Waombe ziwe bila majina.

Hatua ya 5: Kikao

Una haki ya kuomba saa inayokufaa. Sema wazi: nanyonyesha, saa nne inanifaa, saa nane hainifai. Omba uje na mtu, awe mwakilishi wa chama au mwenzako kazini. Beba maswali yako yameandikwa, maana kichwa cha mzazi mpya huyayusha maneno. Kila ukijibiwa, andika. Kikao kikiisha, tuma muhtasari wa mistari mitano siku ile ile: "Nilivyoelewa leo ni kwamba..." Wasipokusahihisha, muhtasari wako ndio kumbukumbu.

Usiwaahidi kwamba ungependa kukaa nyumbani na mtoto. Hata kama moyoni unatamani.

Hatua ya 6: Piga hesabu mwenyewe

Hata upunguzaji uliofuata sheria yote una malipo yake, na hesabu za kampuni huwa na mashimo. Chukua mfano wa mama mwenye mshahara wa shilingi 60,000 kwa mwezi, aliyefanya kazi miaka 6 na miezi 8.

Malipo ya kuachishwa kazi ni si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Miaka iliyotimia ni 6, ile miezi 8 haihesabiwi. Ukichukua nusu ya mshahara wa mwezi kuwa ndizo siku 15, ni 30,000 mara 6, yaani 180,000. Kiwango hiki ni cha chini kabisa. Mkataba wako au makubaliano ya chama yakitaja siku 20 au mwezi mzima, dai hicho cha juu.

Badala ya notisi, mwezi 1: 60,000.

Likizo ya mwaka ambayo hukuichukua hulipwa taslimu. Hapa ndipo pa kukaza macho. Mtu atakuambia kwamba likizo ya uzazi imekula likizo yako ya mwaka. Haijaila: kifungu cha 29 kinasema mwanamke hapotezi likizo yake ya mwaka kwa kuwa amechukua likizo ya uzazi. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi. Mama huyu akiwa hajachukua hata moja, na mshahara ukigawanywa kwa siku 26 za kazi za mwezi, anadai kama 48,460.

Kisha kuna mshahara wa siku za likizo ya uzazi zilizobaki. Kwangu zilikuwa wiki tano, na barua ilikuwa imezifutia ndani ya notisi. Niliandika kwamba likizo ya uzazi ina mshahara wake na notisi ina wake, nikadai vyote viwili. Walilipa.

Omba jedwali linaloonyesha kila kipengele peke yake, kodi iliyokatwa, na kitakachofika benki. Jumla moja iliyoandikwa "malipo yako ya mwisho" usiikubali.

Hatua ya 7: Ile karatasi ya kusema huna dai tena

Pamoja na hundi huja hati ya kutia sahihi kwamba umelipwa kila kitu na hutadai tena chochote. Kuna wanaosema karatasi hiyo haina nguvu, tia tu. Usiwasikilize. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2018 kwamba makubaliano ya namna hiyo, yakifanywa kwa hiari na kwa kuelewa, yanamfunga mfanyakazi. Malipo ya notisi, likizo na siku 15 kwa mwaka ni haki yako kwa sheria. Hayapaswi kuwa bei ya sahihi yako. Wakitaka unyamaze, walipe kitu juu ya hayo, na mpe wakili akusomee kabla hujatia wino. Ikibidi kupokea pesa, andika kwa mkono juu ya sahihi yako: "Nimepokea malipo haya bila kuathiri haki zangu."

Mazungumzo si dhambi, kwa kweli. Mama wengi hawataki kesi ya miaka. Wanataka miezi michache ya kupumua. Kwangu mambo yaliishia mezani kwa afisa wa leba, kwa nyongeza ya mishahara ya miezi minne, na barua ya mapendekezo niliyoiandika mwenyewe wakaitia mhuri. Ile sentensi ya nyuma ya kitabu cha kliniki ilisomwa kwa sauti mle ndani. Aliyeitamka hakuikana.

Hatua ya 8: Ukikwama, pa kwenda na saa inavyohesabiwa

Malalamiko kwa afisa wa leba yapelekwe ndani ya miezi 3 tangu kuachishwa. Kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo hapa Mombasa pia, ifunguliwe ndani ya miaka 3. Mazungumzo na kampuni hayasimamishi muda huo, hata yawe matamu vipi, kwa hiyo usikae ukisubiri ahadi. Jaji akiona uliachishwa bila haki anaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ghafi ya miezi 12. Neno ni "hadi". Wengi hupata chini ya hapo. Ubaguzi ukithibitika unaweza kulipwa fidia yake kando, ndiyo maana ushahidi wa zile alama ni muhimu hivyo.

Asiyekuwa na pesa za wakili aende FIDA Kenya, shirikisho la mawakili wanawake, ambao wana ofisi Nairobi, Mombasa na Kisumu, au Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria. Unaweza pia kujisimamia mwenyewe mahakamani. Na kama ungali kwenye chama cha wafanyakazi, mpigie mwakilishi leo, si kesho.

Kwa wasomaji wa Tanzania bara: msiyachukue haya mkayatumia huko. Likizo yenu ya uzazi ni siku 84, au 100 ukijifungua mtoto zaidi ya mmoja, malalamiko yanakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na la kuachishwa isivyo halali lina siku 30 tu. Siku 30 mbele ya mtu mwenye mtoto mchanga ni kama usiku mmoja.

Mambo ya nyumbani yasiyongoja

Bima ya afya usiiache ikatike. Ukiwa kazini, mwajiri hukata asilimia 2.75 ya mshahara ghafi kupeleka SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali. Kazi ikiisha, kaya yako inalipa yenyewe kwa kiwango kinachopimwa kutokana na hali yenu, kuanzia shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Piga *147# uhakikishe mtoto amesajiliwa kama mtegemezi wako, kisha tenga pesa hiyo kwenye malipo ya mwisho kabla hujalipa deni lolote. Kifua cha mtoto wa miezi mitatu hakisubiri.

Kama una mkopo benki, soma mkataba wake au uulize tawi: mikopo mingine ina bima ndani yake inayolipa marejesho ya miezi kadhaa mkopaji akipunguzwa kazi, na dai hilo lina muda wake. Waandikie Sacco nao kabla hujakosa rejesho la kwanza. Mdhamini wako asipate habari kwa simu ya kudaiwa.

Mwisho, usiondoke bila cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 kinamlazimisha mwajiri kukupa, na ndani yake kuna tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na aina ya kazi uliyofanya. Kikague pale pale. Changu cha kwanza kiliandikwa kwamba nilimaliza siku niliyoanza likizo ya uzazi, kana kwamba ile miezi haikuwa ajira. Nilikirudisha, wakaandika kingine, nikakiweka ndani ya kitabu cha kliniki.